Sauti Iliyowahi

Dobi alikuwa na kaseti moja tu, na mtaa mzima ulikuwa umeichoka isipokuwa yeye. Akiwasha pasi, lazima awashe na redio iliyokaa juu ya rafu ya mashati. Wateja waliondoka na nguo zao wakiimba nyimbo za mchezo ambao hawakuuona, wala wasingeweza kuuona. Harusi ya Mfinyanzi ulikuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo tupu, mwanzo hadi mwisho. Ulionyeshwa siku chache, viti vikiwa vingi kuliko watazamaji, kisha ukafa kimyakimya. Waigizaji waliona uchungu jasho lao kwenda na maji, wakachangishana wakaurekodi wenyewe.

Dobi ndiye aliyefua mavazi yao. Mkewe aliimba kwenye kundi la majirani wa bwana harusi.

Huyo mama alizaliwa na haraka zake. Ukianza kumsimulia kisa, anakumalizia. Ukija kwake, hujabisha hodi ameshakukaribisha. Mumewe akamwita Kiherehere, kwanza kwa utani, halafu likawa ndilo jina lake hasa. Na hicho kiherehere kilimponza siku ya kurekodi. Kuna mahali ngoma zinanyamaza, majirani wamesimama mlangoni kwa bibi harusi, wanavuta pumzi, kisha wote kwa pamoja wanaimba, "Fungua!" Kiherehere hakungoja. Aliwahi peke yake, "Fungua!", akashtuka, akacheka kidogo puani, ndipo wenzake wakaingia. Mwalimu wa nyimbo alitaka warudie, lakini mkanda ulikuwa umekwisha.

Mwenyewe aliona aibu miaka yote. Kaseti ikikaribia pale alijifanya ana nguo za kuanika nje. Haikumsaidia kitu, kwa sababu mumewe na binti yao waliwahi pamoja naye, kila mmoja kutoka alipokuwa, "Fungua!", halafu nyumba nzima ikacheka, naye huko kwenye kamba akacheka.

Alipofariki, dobi alijikaza kisabuni, kama kazi yake inavyotaka, akaendelea kupiga pasi. Ila sasa kaseti aliisikiliza kwa njaa. Katika nyimbo nyingine zote mkewe alikuwa amezama kati ya wenzake, usingemtambua. Pale tu ndipo alipokuwa yeye, neno moja na kicheko. Hapakuwa na sauti yake mahali pengine popote. Na mkanda ulikuwa umechakaa, ukikwaruza kila siku zaidi, hata akaanza kuogopa kuuchezesha.

Mkwewe, mume wa binti yake, alikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha redio. Kijana mpole, mgeni bado katika familia. Mama mkwe hakuwahi kumwona.

"Nipe niihamishie kwenye kompyuta, baba," alisema. "Itadumu."

"Isafishe, mwanangu," dobi akamjibu. "Isafishe kabisa, lisibaki hata doa."

Ndivyo alivyozoea kusema na wateja wake. Alikuwa na maana ya ile mikwaruzo.

Jumapili wakaja wote wawili. Binti aliingia jikoni kuosha vyombo, mkwe akaweka kompyuta mezani.

"Mkanda wenyewe haupo tena, baba. Ulitafunwa na mashine. Lakini usijali, nilikuwa nimeshazihamisha nyimbo zote."

Nyimbo zikaanza, safi ajabu. Dobi alisikia filimbi ambayo hakuwahi kujua kwamba imo. Akatabasamu, akasogeza kiti karibu. Ngoma zikanyamaza.

"Fungua!" binti akaita kutoka jikoni, kama kawaida yake.

Ndani ya kompyuta hakuna aliyeita naye. Majirani wakavuta pumzi, wakaimba kwa pamoja.

"Hapo palikuwa na kosa," mkwe alisema kwa furaha. "Mmoja alitangulia, akacheka. Nimemtoa vizuri, huwezi hata kujua kwamba alikuwepo."

Binti alikuwa ameshafika mlangoni, povu likimtiririka mikononi. "Umemtoa? Na ile ya mwanzo, kabla hujakata, iko wapi?"

"Nilihifadhi hii juu yake, ile ikafutika." Akamtazama mkewe, kisha mzee, tabasamu likamtoka. "Kwani alikuwa nani?"

Dobi alikuwa amemzika mkewe mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Kumlaumu kijana asingeweza. Aliambiwa lisibaki doa, na hakuliacha.

"Alikuwa mama yenu," dobi alisema. "Huna kosa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekutuma."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Rudisha nyuma kidogo," dobi akasema, kisha akamgeukia binti yake. "Njoo ukae hapa, mama. Ikifika pale, sema kama ulivyosema. Una sauti yake."

Binti akafuta mikono kwenye gauni, akaketi kando ya baba yake. Wimbo ukaja. Ngoma zikanyamaza. Akafungua kinywa, neno likageuka kilio. Baba yake naye akajaribu, neno lisitoke. Majirani wakavuta pumzi, wakaimba wote kwa pamoja, na hakuna aliyewahi.