Ng'ombe wa Michezo

Chuo chetu kiko juu ya Moshi, ukiifuata njia ya Machame mpaka lami inapoanza kuchoka. Ni chuo kidogo cha ualimu, na uwanja wake una mteremko, kwa hiyo kabla ya mechi tunarusha shilingi ili kujua nani atacheza akipanda na nani akishuka. Mimi ndiye mwalimu wa michezo. Watu wakiniuliza chuo cha namna hiyo kinapata wapi hela ya kupeleka wakimbiaji kwenye mashindano, nawajibu kwamba tuna ng'ombe. Wanacheka, nami nawaacha wacheke wamalize ndipo nieleze.

Kila mwanachuo hulipa hela ya michezo ndani ya ada yake. Tatizo ni kwamba hela hiyo ikiingia inaitwa ya michezo, ikitoka inaitwa dizeli ya jenereta, au bati la bwenini, au chakula cha wageni. Mhasibu wetu, mwanamume wa Rombo mwenye sauti ya upole, hajawahi kuninyima waziwazi. Ananikaribisha kiti, ananiagizia chai, na nikimaliza kikombe natoka mikono mitupu nikiwa nimeshamshukuru. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua analijua hilo, lakini kwa mhasibu huwa zinanipanda nikiwa nimeshafika getini, na huko hakuna wa kugombana naye isipokuwa mlinzi.

Ng'ombe tulimpata Mabogini. Wakulima wa mpunga waliandaa tamasha la michezo baada ya mavuno, wakaalika vyuo, na mabinti zangu wakashinda mbio za kupokezana vijiti kwenye barabara ya vumbi kando ya mifereji. Zawadi ilikuwa mtamba, chotara mweusi mwenye baka jeupe usoni. Desturi ya zawadi kama hiyo inajulikana: anachinjwa siku hiyo hiyo, watu wanakula wanashiba, kesho mnabaki na stori. Wapishi walishaanza kunoa visu. Nikasema huyu hachinjwi. Wanachuo waliotoka mikoa mingine wakanung'unika kwamba ndiyo shida ya kufundishwa na Mchagga, hata nyama anaiona mtaji. Sikubisha. Tukampakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akapanda mlimani amesimama wima, anatazama migomba ya watu kwa dharau.

Chuo hakina zizi, kwa hiyo nilifanya walivyofanya wazee wetu: nikamkabidhi kwa mtu amtunze. Jirani wa uwanja wetu ni bibi mmoja mjane, kihamba chake, shamba la nyumbani, kinapakana na goli la chini, na mipira yetu mingi imeishia kwenye kahawa yake. Watoto wake wako Dar es Salaam na huonekana Desemba. Makubaliano yetu yalikuwa yale yale ya zamani: maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe haji tu asubuhi moja kumfungua kamba na kuondoka naye. Tulikubaliana kwa mdomo, tukanywa chai, yakaisha.

Majani ya ng'ombe huku juu hayatoshi, lazima ushuke kuyatafuta. Hapo ndipo nilipopata mazoezi ya bure. Wakimbiaji wangu walishuka mbio mikono mitupu, wakakata majani, wakapanda na mizigo kichwani mpaka kwa bibi. Vyuo vingine vina vyuma vya kunyanyua na saa za kupimia mapigo ya moyo. Sisi tulikuwa na kamba, mundu na mlima. Bibi aliwasubiri kwenye uzio, akawapokea kwa mtori wa moto, akawakosoa jinsi walivyofunga mizigo. Aliyependwa zaidi alikuwa binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mrefu, mama yake anafanya biashara ndogo pale mpakani Holili. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wavulana, na hakuwahi kuuweka chini njiani kupumzika. Bibi alimwita mjukuu, na nilikuwa naona wazi kwamba hasemi kwa mazoea tu.

Basi ulifika mwaka ambao mashindano ya vyuo yalipangwa kufanyika Dodoma. Bodi ya chuo ilikaa na kuamua kwamba timu isiyosafiri si timu: tusipokwenda safari hii, kifungu cha riadha kinafutwa. Hela ya basi haikuwepo. Mkuu wa chuo alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Mtwara, mstaarabu, anayejua korosho kuliko mifugo. Alipofungua orodha ya mali za chuo akakuta ng'ombe, akaona jibu. Ng'ombe auzwe, basi lilipwe.

Nilimwambia hapana. Ng'ombe alikuwa ameshapandikizwa mbegu na bwana mifugo, ana mimba kubwa. Kumuuza wakati huo ni kula mbegu. Nilisema mengi, na sauti ilipanda mpaka karani wa chumba cha pili akafunga mlango. Lakini nilipotoka nikamkuta yule binti wa Holili ananisubiri barazani. Aliongea taratibu, macho chini.

"Madam, auzwe tu. Nyie mna mwaka mwingine. Mimi sina."

Binti huyu hakuwa amewahi kukimbia hata mara moja kwenye uwanja wa riadha wenye mistari. Nilimpeleka kwa bibi tukanywe uji, nikayamwaga yote mbele ya bibi, na yule binti alikaa pembeni bila kugusa kikombe.

Wiki hiyo hiyo mkuu akamtuma mhasibu na mnunuzi kutoka mnadani. Mimi nilikuwa darasani. Nilisimuliwa kwamba bibi aliwapokea vizuri, akawapa ndizi, na mnunuzi alipoanza kumpapasa ng'ombe mgongo ndipo bibi akanyanyua fimbo yake ya kupigia maharage. Mnunuzi alitoka kwa kuruka uzio, akiwa na mbio ambazo ningemsajili siku ile ile. Bibi akamwagiza mhasibu amwambie mkuu wake kwamba akitaka kuuza vya watu aanze kwa kumuuza mama yake.

Jioni bibi mwenyewe akaniita. Uso ulikuwa umemshuka. Jumapili ilikuwa ya Chakula cha Bwana, naye hajawahi kukaribia meza ile akiwa ametukana mtu, tena amemtajia mtu mama yake. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka, akalifunga fundo, akanikabidhi nimpelekee mkuu. Alinipa na maneno: anaomba msamaha kwa ulimi wake, na anaomba ng'ombe aachwe.

Kwetu isale halikataliwi. Mtu akikuletea, hata kama amekuumiza vipi, ukilipokea umesamehe na umempa anachoomba. Watu wamemaliza ugomvi wa mashamba kwa jani hilo. Nililibeba asubuhi nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Nikaingia, nikasema bibi wa jirani amekuletea hili, anakuomba radhi kwa maneno yake na ana ombi. Kabla sijafika kwenye ombi simu ikalia. Ilikuwa wizarani. Mkuu akalipokea jani kwa mikono miwili, kwa adabu ya watu wa pwani, akaninong'oneza nimshukuru sana bibi kwa ua lake, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji mezani, akaendelea na simu. Nilisubiri. Akanipungia mkono kwamba tutaongea. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni na mafaili yake, ameona kila kitu. Tulitazamana. Mtu wa Rombo, ambaye isale analijua kama mimi, akageuka akaenda zake.

Habari zikatembea. Mlinzi akampigia mkuu saluti ambayo hajampigia tangu afike. Mpishi akamwongezea nyama. Kesho yake mwenyekiti wa bodi, mchungaji mstaafu, alipita ofisini kusaini hundi, akaliona jani kwenye glasi, akamshika mkuu mkono kwa mikono yake miwili na kumpongeza kwa moyo wake mkubwa. Hakukaa kueleza. Dakika chache baadaye nikaitwa.

"Madam," mkuu akasema akilitazama lile jani, "hebu niambie. Nimekubali nini?"

Nikamwambia. Amekubali kumsamehe bibi, na amekubali kumwachia ng'ombe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kwao mtu akitaka kitu anaomba kwa mdomo. Nikamjibu kwamba hata huku ni hivyo, jani ni la pale ambapo mdomo umeharibu. Akafuta macho, akarudi kwenye ukuu wake. Ng'ombe amebaki, akasema, sawa. Na basi la Dodoma?

Hapo furaha yangu ikaisha. Nilikwenda kwa bibi na habari mbili, nzuri na mbaya, na nadhani ile mbaya niliitoa kwa ukali usiomstahili. Nilikuwa na uchungu. Nilimwona yule binti akiingia na mzigo wake wa majani, ameambiwa kwamba haendi popote, na bado amekuja. Bibi alimtazama akishusha mzigo. Aliomba tu aletewe kitenge chake kizuri, kile cha kanisani.

Jumatatu aliingia ofisini kwa mhasibu kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa pale, kwenye kikombe changu cha chai. Alitusalimia, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akafungua pembe ya kitenge na kuweka fedha mezani. Kikundi chao cha kina mama, wanaokusanya maziwa pale njia panda, kilikuwa kimempa malipo ya mbele kwa maziwa ambayo ng'ombe hajaanza hata kuyatoa. Alikuwa ameyauza tangu yakiwa tumboni.

"Maziwa ni ya mtunzaji, au siyo?" akaniuliza. "Basi nimeuza yangu. Mpelekeni mjukuu akakimbie."

Nililia, na sioni aibu kusema. Mhasibu aliondoa miwani akaifuta, akasema ana mafua. Baadaye alihangaika kutafuta kifungu cha kuandika maziwa ambayo hayapo, na mwisho akayaweka kwenye mapato mengineyo. Ile dizeli ya jenereta nayo ilipungua mwezi huo, na mkuu alikaa gizani mara kadhaa bila kulalamika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru tofauti ya nauli itoke huko.

Tulikwenda Dodoma. Binti wa Holili alikimbia ndani ya mistari kwa mara ya kwanza, amevaa raba za kuazima, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alikuwa wa nne. Medali zinaishia kwa wa tatu. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani, amejifunika kanga usoni, na mimi sikumsemesha kwa sababu maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya kijinga.

Tulipofika alishuka akaenda moja kwa moja kwa bibi kabla hata ya kupeleka begi bwenini. Nikamfuata. Bandani kulikuwa na ndama jike, bado ana unyevu, anajaribu miguu yake. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Binti akamwamkia, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa shida:

"Bibi, nimekuwa wa nne. Sikuleta kitu."

"Nyuma yako walikuwepo?"

"Walikuwepo, bibi. Wengi."

"Na wao wamerudi kwao?"

"Wamerudi."

Bibi akainuka taratibu, akachukua kamba ya majani iliyoning'inia kwenye nguzo, akamwekea begani.

"Basi na wewe umerudi kwenu. Shuka ukakate majani, sasa wako wawili."