Upinde Yenye Nilimutengenezea Ndugu Yangu

Mwaka wa 1996 nilikuwa na miaka makumi tatu na ine. Ni mwaka ule taabu yangu ilianza, na mwenye kuileta ni ndugu yangu, mutoto wa baba yangu mukubwa. Basoda ba vita balipita tu. Yeye alibaki.

Masomo yangu ilikomea mwaka ya tatu ya primaire. Mwenye anatafuta maneno ya kupendeza aende kwa mwalimu. Mimi natengeneza pinde. Baba alitengeneza pinde. Kati ya Butembo na Beni hakukuwa mutu wa kutushinda mu kazi ile, na nasema hivyo bila haya.

Shamba yetu ilikuwa kando ya musitu, kule Kalunguta. Kwetu shamba ya kando ya musitu iko na sheria yake: ni ya ule mwenye anaichunga na silaha. Nguruwe ya pori ikitoka, nyani ikitoka, ni wewe wa kuipiga, juu mashamba ya benzako nyuma yako ipone. Ukishindwa, chef wa kilima anapatia mwingine. Baba alichunga pale na upinde yake mpaka kufa. Mimi nikafuata.

Vita ilipofika nikakimbia na mama wa batoto, batoto bane na sufuria moja, mpaka Beni kwa bandugu yake. Upinde ya baba niliiacha mu kibanda ya shamba, sababu ku barrière ya basoda mutu wa kubeba upinde alikuwa anakufa bure. Tulikaa kule miezi kenda. Siku ya kurudi, nilipita ku shamba mbele ya kufika nyumbani. Nikakuta maharagwe yenye sikupanda, imepanda juu ya miti, imezaa sana. Kati ya ile miti moja ilikuwa nyeusi, laini, imepinda kidogo. Nikakaribia. Ilikuwa upinde ya baba. Ndugu yangu aliichomeka mu udongo, maharagwe ipande juu yake.

Nikaing'oa. Muchwa ilikuwa imekula sehemu ya chini, urefu ya mukono muzima.

Nilimukuta mu lupango, ile uwanja ya nyumba ya chef, amevaa koti, na bunduki ya kuwinda ku bega, calibre douze, yenye aliuziwa na mutu mwenye alikuwa anakimbia.

"Yaya," nikamuambia, sababu ni mukubwa kwangu, "ile shamba ni ya nani?"

"Ulikimbia, mudogo. Nani alikuwa anachunga? Upinde ya marehemu? Ilikuwa inalala mu kibanda."

"Sasa nimerudi."

Akapiga ile bunduki kofi kidogo, kama mutu anapiga ng'ombe yake. "Silaha ni hii. Kitu yako ni ya batoto kupiga ndege. Mais, usikasirike. Upinde ya baba yako niliipatia kazi."

Batu bakacheka. Chef naye akacheka, halafu akaniuliza, "Silaha yako iko wapi, uvute mbele yetu?" Nikaonyesha ile mabaki ya muchwa. Akatikisa kichwa. "Mwenye hawezi kuvuta silaha mbele ya batu hana shamba ya musitu." Basi, ikaisha.

Miaka miwili nililima mashamba ya batu. Mama wa batoto alibeba mihogo ya bengine mpaka Butembo, na shingo yake ikaanza kuuma, mpaka leo inamuuma. Kila siku nilipita kando ya shamba yetu na sikumusalimia mutu. Ku ibada, mwinjilisti alipohubiri kusamehe, nilikuwa naangalia viatu ya ndugu yangu. Ilikuwa mupya.

Mwaka wa 1998 vita ya pili ikakuja na basoda bengine. Bale bakapita kilima kwa kilima, bakakusanya bunduki zote za kuwinda. Ndugu yangu alibeba yake mwenyewe mpaka ku barabara, akaiweka chini na mikono miwili, polepole, kama unaweka mutoto mwenye amelala. Mimi nilikuwa nasimama pale karibu. Siku ile nilikula muzuri.

Nguruwe ikasikia vile vile kama batu: bunduki imeisha. Ikarudi. Donc chef akasema: kila mwenye shamba ya musitu atafute upinde. Kiisha mavuno, siku ya yenga, Jumapili, nyuma ya ibada, bote batavuta mu lupango yake, mara tatu mpaka mwisho, halafu kupiga shina ya ndizi. Mwenye kushindwa anaacha shamba.

Kiisha siku mbili ndugu yangu akabisha ku mulango yangu, na kuku ku mukono.

"Mudogo, ya zamani ni ya zamani."

"Karibu, yaya. Kaa."

"Unitengenezee upinde. Ya nguvu, usinipe kitu ya bibi."

"Itakuwa ya nguvu."

Mama wa batoto alipokea kuku. Ndugu yangu alipoenda, mama wa batoto akaniuliza, "Baba, unakula kuku ya mutu unamuchukia?"

"Kuku haikunifanya kitu."

Na sasa nitasema kitu yenye sikuambia hata mwinjilisti. Upinde ya kwanza niliitengeneza juu imuvunje uso. Ni rahisi kwa mwenye anajua. Mugongo ya upinde, upande yenye inaangalia nyama ya kuwinda, haikatwi hata kidogo. Unafuata mushipa ya muti vile Mungu aliipanga. Kazi yote iko ku tumbo, upande yenye inakuangalia. Unakwaruza na kipande ya chupa, unga ya muti inaanguka, unavuta, unaangalia, unakwaruza tena. Mikono miwili ya upinde ipinde sawasawa. Mimi, ku mukono ya chini, karibu na pa kushika, nikakwaruza zaidi. Kidogo tu. Itapiga mishale kumi, makumi mbili, halafu siku ya nguruwe itapasuka na kurudi ku macho yake. Nilikuwa nakwaruza na kuimba.

Nikaifunga ku nguzo ya nyumba, nikavuta kamba, nikarudi nyuma kuangalia. Mama wa batoto akatoka jikoni na sahani ya chumvi, akasimama.

"Ile inapinda kama goti," akasema. "Umesahau kazi?"

"Wewe unajua nini ya pinde?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nakuuliza. Kama mimi ninaona, chef hataona?"

Akarudi jikoni. Mimi nikabaki na kipande ya chupa mu vidole. Ikivunjika, bamuhurumie yeye, bamubebe mpaka dispensaire, bamupikie uji. Na mimi? Batasema: baba yake alikuwa fundi, huyu ni mupasua kuni. Nikasikia haya. Huruma hapana, musinipe sifa yenye si yangu. Haya tu. Upinde yangu kuvunjika mbele ya Kalunguta yote? Kamwe. Nikachukua panga, nikaipasua, na kuni ile tukapikia sombe.

Nikaenda mu musitu kukata muti mwingine. Ule nilichagua siku tatu: munyoofu, bila fundo, wenye ulikomaa mu kivuli. Nikaupasua, nikaweka vipande juu ya jiko mu moshi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndugu yangu akakuja na kuku ya pili. "Bado," nikasema. Akakuja na chumvi kilo mbili, na wakati ule chumvi ilikuwa kitu. "Bado, yaya. Muti mubichi unasahau kurudi." Alitoka kwake mpaka kwangu kwa mguu, saa moja kupanda, na batu ya njiani banamuuliza: "Tena kwa fundi?" Nilipenda kusikia ile neno.

Muti ulipokauka nikapima mukono yake, toka kifua mpaka kidole. Ile nilipima sawa kabisa. Upinde ni kama nguo, inafuata mwili. Urefu ilikuwa yake. Mais nguvu, nguvu nilipima ku bega yangu mimi. Miaka miwili ya jembe ya batu ilikuwa imenipa bega. Yeye bunduki ilikuwa imemupa tumbo.

Alikuja kujaribu mara tatu, na kila mara nilimwambia kitu yenye ni kweli, kila fundi atakuambia: upinde yenye haijaiva hapana kuvuta mpaka mwisho. Unavuta nusu, unaachilia, muti unajifunza. Donc alivuta nusu. Nusu ilikuwa mwepesi.

"Ni tamu," akasema. "Mudogo, uko na mikono ya baba yako."

Mudomo ule ule wenye ulisema kitu yangu ni ya batoto. Nikageuka nikatafuta mafuta ya mawese, nipake upinde, juu asione uso yangu.

Ile upinde, niseme tu, sikupata kutengeneza ingine ya kuipita. Mikono yake ilipinda sawa kama mwezi mupya. Kamba niliitoa mu kekele, ile muti wa kutambaa wa musitu, yenye nilipasua mwenyewe. Ukiigusa inalia sauti moja, juu na chini.

Siku ya yenga ikafika. Lupango ya chef ilijaa. Bengine bakavuta, mara tatu, bakapiga ndizi, bakakaa. Ndugu yangu akasimama na koti yake. Akavua koti. Akavuta: nusu ikakuja vile alizoea. Kupita pale, upinde ikakataa. Jasho ikatoka ku kichwa.

"Vuta, baba!" mama mumoja akapiga kelele. "Kwani ni mulango ya bibi mudogo?"

Batu bakaanguka na kicheko. Akajaribu ya pili, akafika karibu ya sikio, kamba ikamutoroka ikamupiga mukono. Ya tatu hakufika hata nusu.

"Upinde hii iko mubaya," akasema. "Chef, amenitengenezea mutego."

Chef akaniangalia. "Fundi, iko mubaya?"

Nikaichukua. Nikavuta mpaka sikio, mara moja, mara mbili, mara tatu, polepole, kila mutu aone mikono ya upinde inapinda sawa. Halafu nikaweka mushale na nikapiga shina ya ndizi katikati, mushale ikatokea upande ya pili.

Pale ndiyo nikasema, na nilikuwa nimeshika ile maneno miaka miwili mu kinywa: "Mwenye hawezi kuvuta silaha mbele ya batu hana shamba ya musitu. Chef, ni wewe ulisema."

Chef akaenda kugusa ile mushale mu ndizi. Halafu akasema, "Ni mimi."

Ndugu yangu akachukua koti yake, na upinde nikamurudishia. "Mudogo, upunguze kidogo," akanong'ona. "Kwaruza kidogo tu. Niko na batoto."

"Mimi pia nilikuwa nao, yaya."

Akaacha upinde mu majani, akashuka. Mbele ya mwaka kuisha alihamia Butembo, anauza sabuni. Batu banasema nilifanya mubaya. Shingo ya mama wa batoto banaiuliza?

Leo niko na bitu hii. Nyumba ya mabati makumi mbili na ine. Mbuzi sita. Shamba ya kando ya musitu. Kisu mbili, panga moja, vipande ya chupa. Mabaki ya upinde ya baba, juu ya mulango. Na upinde yenye nilimutengenezea ndugu yangu: ile iko mu shamba, imechomekwa mu udongo kando ya njia, maharagwe inapanda juu yake. Kila mavuno naing'oa, nasafisha, napaka mafuta ya mawese muchwa isikule, naisimamisha tena. Yaya akikuja kwetu ku matanga, ni njia yake ya kupita.