Kipande cha Shaba Ambacho Hakikuliwa

Jumapili iliyopita, ndugu yangu, nilipigwa na butwaa kule Sundbyberg, huku Uswidi. Nilikuwa nimempeleka binti yangu kwenye maonyesho ya sarafu za kale, nikaona chini ya kioo kipande cha shaba chenye tundu, kama kile cha bibi yangu. Mkoloni aligawa vipande hivyo wakati wa njaa kule Tanganyika. Ukitoa kimoja, unapimiwa kibaba cha mahindi.

Cha bibi kilining'inia kwenye msumari jikoni kwetu Rågsved, juu ya ndoo ya unga. Loo, jiko lile! Dirisha limejaa mvuke, mabuti yanachuruzika theluji mlangoni, mchicha wa karanga unatokota, na bibi anasonga ugali huku akiguna. Lakini kabla unga haujagusa maji, lazima achote konzi moja, aiweke kando kwenye kopo la kahawa. "Hii ya mwenyewe," alisema.

Mwenyewe alikuwa jirani wa mama yake. Alikwenda kumtafuta mumewe, akaomba achukuliwe kipande chake kwenye foleni. Mama akachukua viwili. Kimoja akakitoa, watoto wakanywa uji mwepesi kama maji ya kunawa. Cha pili akakiweka: leo atarudi, kesho atarudi. Hakurudi kabisa, na mama hakukigusa; bibi alikirithi hivyohivyo.

"Wanasema mwenye njaa hana miiko," bibi alituambia. "Mama alikuwa nayo."

Kopo likijaa, tulitumwa kulipeleka kwa Mrundi aliyehamia juzi, au kwa yeyote aliyebisha hodi.

Nami, mjinga wa miaka tisa, nikakibadilisha kile kipande shuleni kwa mfuko wa peremende! Bibi alipouona msumari mtupu, niliungama kwa Kiswidi, maana Kiswahili kilinikauka mdomoni. Hakunichapa. Alinawa mikono, akachota konzi yake, akaitia koponi kama kawaida.

"Kipande kimekwenda," alisema, "lakini mwenyewe bado hajala."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Aibu ile nimeibeba miaka yote.

Sasa pale maonyeshoni, muuzaji wa sarafu hizo, mzee Mswidi mpole, akanieleza kwamba vilivyotumika vilirudishwa vikayeyushwa, ndiyo maana vilivyobaki ni adimu. "Mwenye hiki alibahatika," alisema, "hakukihitaji."

Bahati? Jamani! Nilimsimulia yote palepale, watu wakijazana nyuma yangu. Mzee akavua miwani, akafungua kioo, akaniwekea kile kipande kiganjani. Akasema nikichukue, hataki kitu.

Kilifanana na chetu, ila kuapa kwamba ni kilekile nisingeweza. Nilikitamani, sikufichi. Nikamrudishia.

"Asante, mzee wangu. Si changu."

Njiani nilimuwaza bibi. Jiko lile lina wapangaji wengine, na siku hizi hakuna anayebisha hodi kuomba unga. Hata mimi, tangu tumzike, nilikuwa nimeacha kuchota ile konzi. Nilijiambia nimesahau, kumbe ni uvivu tu.

Jioni maji ya ugali yakichemka, binti yangu alikuja na kopo tupu la kahawa, ameliosha na kulikausha. Akauliza, kwa Kiswidi chake:

"Mama, ya mwenyewe tunaweka kiasi gani?"