Siku Mama Alipofunga Pampu ya Pawa

Wenzangu mliokulia Tunduma enzi zile biashara imefunguliwa na kila nyumba ina mtu wa kuvuka mpaka, bila shaka mnaikumbuka baridi ya mwezi wa sita. Midomo ilikuwa inatupasuka hadi kucheka kunauma. Asubuhi uji wa ulezi, kisha shule, miguuni kandambili, mwilini sweta la mtumba linalogusa magoti. Jioni ni kombolela katikati ya malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia, madereva wakitufukuza kwa lugha zote wanazozijua. Matusi tulikuwa nayo ya nchi mbili, na mama alituchapa kwa yote bila ubaguzi.

Kwetu kulikuwa na pikapu nyeupe aliyoiacha baba. Baba alikuwa akifuata mchele Kamsamba, na alipoanza kuugua akamfundisha mama kuendesha huko huko mbugani, yeye akiwa pembeni anafoka, mama akifoka zaidi. Baba alipofariki mama akaendelea na safari. Watu walishangaa, wakasema walivyosema, wakazoea. Mimi shuleni nilitamba mno. Ukinichokoza nakuambia, "Mama yako anaendesha nini? Mwiko?"

Basi mwaka uliofuata pampu ya pawa ikafa. Ninyi mnaokata kona kwa kidole kimoja hamtanielewa, kwa hiyo nieleze: pampu ile ndiyo inayosukuma mafuta yanayomsaidia dereva kugeuza usukani. Ikifa, gari lenye magunia linageuzwa kwa nguvu za mabega yako mwenyewe. Mama alirudi kutoka Kamsamba siku hiyo akashindwa hata kumega ugali. Eliza, dada yetu mkubwa, alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, na mdogo wetu Daudi akawa anamlisha, tonge moja kwa mama, matatu kwake.

Habari zikamfikia baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo leo nikiwa na mvi. Wakati ule nilimchukia hadi nikaogopa kwenda kuungama. Alikuja akakaa, akanywa chai yetu yote, ndipo akasema, "Shemeji, gari limekushinda, na si kosa lako. Jumapili baada ya misa nitalichukua, kijana wangu ataliendesha. Na bila gari hawa watoto huwawezi. Eliza ataenda kwa shangazi yake kule Isansa, Neema nitakaa naye mimi, Daudi ataenda kwa bibi yake kule Msangano. Usihangaike."

Neema ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi, nikasikia tunavyogawanywa kama masufuria ya msiba. Mama alisema tu, "Nimesikia, shemeji."

Mafundi wa mjini wote walikuwa marafiki wa baba mkubwa. Kila aliyeitwa alisema kesho, na kesho yake akasema kesho. Ijumaa mama akavuka mpaka hadi Nakonde, kwa kaka yake aliyekuwa akiuza vipuri vya mitumba. Mjomba hakuweza kuacha duka, ila alimpa pampu iliyofungwa kwenye gunia, galoni la mafuta mekundu na maelezo ya mdomo. Mama akarudi ameibeba mgongoni kwa kanga. Jirani akauliza mtoto ni wa nani.

Jumamosi hatukwenda popote. Mama alivaa suruali ya baba, akafunga kiuno kwa mkanda wa gunia. Hakuwa mgeni wa kazi ile kwa macho, kwani miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba tochi, na anayeshika tochi huona kila kitu na kutukanwa kwa kila kitu. Alilegeza mkanda wa injini, akachomoa mipira, mafuta machafu yakamwagika kwenye beseni tulilokuwa tukiogea. Bolti moja ilikuwa na kutu, ikagoma hadi saa sita. Mama aliisemesha Kinamwanga, akaisemesha Kibemba, mwishowe akaipiga nyundo huku analia kwa hasira, ikalegea. Kufikia saa kumi pampu mpya ilikuwa imekaa mahali pake, na sisi tunapiga vigelegele.

Akajaza mafuta, akawasha gari. Mama yangu! Pampu ililia kama nguruwe anayeshikwa. Mafuta yakatoa povu, usukani mgumu vile vile. Akazima. Alikaa chini akiegemea tairi, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikajua anatuaga. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku naingia chumba cha upasuaji.

Kisha akainuka. "Neema, saa ngapi?"

Nikamwambia inakaribia kumi na moja.

"Kwao inakaribia kumi. Twende."

Watu wa mpakani mnaelewa. Zambia saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na sisi tulizoea kuvuka kwenda kuipata saa iliyokwisha kutupita. Tukapita njia ya mashambani mbio, mama na suruali yake ya oili. Tukamkuta mjomba dukani hajafunga. Aliposikia pampu inalia akacheka hadi nikataka kumuuma.

"Iwe, wewe! Mtoto ukimnyonyesha humcheulishi? Hiyo pampu imejaa hewa. Nyanyueni magari ya mbele, injini izimwe, mzungushe usukani kushoto mwisho, kulia mwisho. Mafuta yakishuka ongezeni. Hadi mapovu yaishe."

Alisema magari, akimaanisha magurudumu. Haraka ilimshika hata yeye.

Usukani ule ndio tuliokuwa tukichapwa kwa kuugusa. Jioni ile mama alituamuru tuuchezee. Gari liko juu ya jeki na magogo, sisi tunapokezana, kushoto mwisho, kulia mwisho, Daudi akipiga kelele kwamba tunashuka kona za Kamsamba na breki hakuna. Mama kainamia kopo la mafuta, anaongeza, anasema, "Bado. Endeleeni." Tulizungusha hadi viganja vikachubuka. Halafu akasema, "Yametulia." Akawasha, na gari halikulia. Akaugeuza usukani kwa mkono mmoja, akatoka, akatukumbatia wote watatu kwa pamoja na oili yake.

Jumapili baba mkubwa akaja na kijana wake. Mama alikuwa amepakia magunia sita nyuma, amevaa kitenge cha kanisani. "Shemeji, upepo mkali. Panda nikurudishe nyumbani." Aligeuza gari kwenye ule uwanja wetu mdogo, kati ya jiko na tofali za jirani, taratibu, bila kukunja uso. Baba mkubwa aliangalia mikono yake njia nzima. Aliposhuka alisema, "Basi, shemeji. Endesha." Habari ya kutugawa haikusemwa tena. Mama aliporudi alituita kwa majina, Eliza, Neema, Daudi, ingawa wote tulikuwa mbele yake.

Siku hizi, jamani! Mwanangu taa ikiwaka kwenye dashibodi anaipiga picha, anaituma kwenye grupu la marafiki, halafu anasubiri ushauri kwa watu wasiojua boneti inafunguliwa wapi. Gari lake likirudi nyuma linamlilia lenyewe asigonge ukuta, na bado anagonga. Simcheki sana, maana hata mimi gari langu nimelipeleka gereji juzi kwa ajili ya wiper.

Eliza yuko Dar, Daudi yuko Lusaka, mimi niko Dodoma. Kila mmoja ana gari, tena laini. Krismasi iliyopita mama alipika kwa ajili ya watu watatu na familia zao. Eliza alikuwa na kazi, Daudi alisema foleni ya mpakani ni ndefu, mimi nilisema nitakuja Pasaka, na sikwenda. Mama alilala chini ya gari siku nzima ili mtu asitugawe. Tumegawanyika wenyewe, bila kikao, na hakuna aliyetulazimisha.