Shangazi Sikai Chumba cha Nyuma

Wifi yangu alinipigia simu kutoka Kilwa Masoko siku nne kabla ya ndoa ya binti yake. "Wifi, usijitese na safari. Tutakutumia picha."

Nilimwelewa. Mwaka jana nilipasuliwa utumbo, na tangu hapo haja yangu kubwa hutokea tumboni, kwenye mfuko uliobandikwa chini ya kitovu, upande wa kushoto. Haja yenyewe haimsumbui mtu. Kinachowasumbua ni hewa: hutoka itakapo, tena kwa sauti. Lakini bibi harusi ni mtoto wa kaka yangu. Nikafunga begi.

Siku moja kabla ya ndoa, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwangu Mtama, nilikunywa uji polepole na kipande cha muhogo. Zamani nilisafiri na njaa nikidhani tumbo tupu halina hewa. Kumbe ndilo lenye kelele zaidi. Maharage nilikuwa nimeyaacha tangu juzi yake. Soda sigusi.

Tulipoipita Mchinga mfuko ukaanza kuvimba chini ya dera. Nikamwomba konda wasimame penye choo.

"Mama, tutachimba dawa huko mbele, porini."

"Mimi sichimbi dawa porini. Nataka choo chenye mlango. Mfuko wangu ukibanduka, basi zima litajua."

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Konda alinitazama, kisha akaenda kumnong'oneza dereva.

Basi liliposimama Kiranjeranje, mama mmoja muuza korosho alinipeleka chooni, uani kwake. Nikafungua mfuko kwa chini, nikatoa hewa, nikafunga. Nilipotoka alikuwa bado ameshika kopo la maji.

"Umemaliza mara hii?"

"Ilikuwa hewa tu." Nikamwonyesha mfuko.

"Yarabi! Na unasafiri nao?"

"Niuache wapi?"

Alasiri nikafika Kilwa Masoko. Wifi alinipokea kwa maneno mazuri, ila mkeka wangu ulikuwa umetandikwa chumba cha nyuma, jirani na jiko. Nikauliza aliko bibi harusi, nikaenda kuketi ubavuni pake.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, kaka yangu alikuja mlangoni na mashahidi wawili kumuuliza binti kama ameridhia. Chumba kizima kimya. Ndipo mfuko ukalia. Nilipeleka kiganja kuubana, nikachelewa. Wasichana wakaziba midomo. Wifi akanong'ona, "Si nilikwambia?"

Uso uliniwaka. Miguu ilitaka kutoka, nikaikatalia.

"Ni mimi," nikasema. "Tumbo langu halina breki. Lakini bila mfuko huu mngekuwa mmeshanisomea hitima. Kaka, endelea."

Kaka akauliza tena. Binti akanishika mkono, akasema, "Nimeridhia, baba."

Asubuhi ya kurudi, jirani yao mmoja, mama mtu mzima, alinivuta pembeni. Mumewe ana mfuko kama wangu, na tangu atoke hospitali hajakanyaga msikitini. Tukaenda. Mzee alikuwa kitandani, amejifunika shuka mpaka kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza, mkewe akisikiliza: atafune taratibu, atoe hewa kabla ya kuondoka nyumbani, aukandamize mfuko kwa kiganja akiisikia inakuja. Kuhusu udhu, amuulize sheikh wake. Mwenye udhuru ana hukumu yake.

"Na sauti je?"

"Sauti itatoka, mzee. Nawe toka."

Nimerudi Mtama. Wifi hakuniomba radhi, nami sikumngoja. Nilikuwa nadhani kazi yangu ni kuinyamazisha hewa. Sasa najua ni kuipunguza, kisha kwenda ninakotakiwa kuwa.

Alhamisi ya pili mke wa yule mzee alinipigia. Mzee alikwenda swala ya Ijumaa iliyopita, mfuko ukalia, watu wakamgeukia, akarudi amenuna, hakula.

"Na kesho?" nikauliza.

"Anakwenda. Amesema wageuke mpaka shingo ziwaume."