Ng'ombe Aliyezama Kandokando ya Ziwa

Jana tulisafisha tangi la maji hapa nyumbani, na harufu ya tope lililolala chini yake ikanirudisha kwenye hifadhi ya ziwani, mwaka ule wa ukame, walinzi walipofungua lango ili mifugo iingie kunywa.

Kwetu watoto ilikuwa safari ya kutazama ziwa. Lakini maji yalikuwa yamerudi mbali, yakaacha kinamasi chenye ganda kavu juu. Ng'ombe wetu mmoja aliyebaki alinusa maji akakimbia. Ganda likapasuka, naye akazama hadi tumboni.

Baba na mjomba walimfunga kamba, wakavuta mpaka viganja vikachunika.

"Mchinje, shemeji," mjomba alisema. "Bado anapumua. Watoto wale nyama."

"Huyu ndiye maziwa yao. Nikimchinja leo, kesho watakunywa nini?"

"Akijifia ni haramu. Utakosa vyote viwili, wallahi."

"Wewe vuta! Mdomo hautoi ng'ombe topeni."

Tukavuta tena, mama na mimi pia. Polepole shingo ya ng'ombe ikalala juu ya tope. Hapo baba akachomoa kisu, akasema Bismillahi. Mjomba akamshika mkono.

"Amekwisha kufa."

Mdogo wangu akauliza nyama itapikwa saa ngapi. Tulikaa pale na njaa yetu, tukimtazama ng'ombe, mpaka tai walipoanza kushuka. Kisha baba akakunja kamba, tukawaachia.