Bandeji Iliyohamia Ng'ambo

Wa mtaani kwetu Kasingirima walishanicheka wakamaliza, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule msomi aliyefunga bandeji mkono wa kulia siku ya Ijumaa, Jumamosi akaja nayo mkono wa kushoto, kwenye shughuli ileile, mbele ya wanawake walewale.

Nirudi nyuma kidogo (sijitetei, naeleza tu). Tangu mwaka wa mwisho wa chuo mwili unaniuma, leo bega, kesho nyonga, keshokutwa mikono yote, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilipimwa malaria, taifodi, damu, nikapigwa picha za mifupa, vyote safi, na kila jibu safi lilinitia aibu kuliko ugonjwa wenyewe, maana naishi na mama mkubwa, na kila niliporudi na karatasi alikuwa anaitazama, ananitazama, halafu anafunga upya kanga yake bila kusema kitu, na mimi nabaki siku nzima nikiwaza alichotaka kusema.

Wiki ile ya mkasa ndipo daktari mmoja akautaja ugonjwa: fibromayaljia. Alisema si uvivu wala si kujitungia. Mishipa ya fahamu inayakuza maumivu kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho, ndiyo maana vipimo havioni kidonda. Akaniandikia dawa ya jioni ya kunisaidia kulala, akasema nitembee kila siku, kidogo kidogo, kazi niifanye kwa vipande na nipumzike kabla sijachoka, na siku nikijisikia vizuri nisijimalize. Mama mkubwa alikuwepo. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Kumbe lina jina." Basi. Kwangu maneno hayo matatu yalikuwa cheti kikubwa kuliko kile cha chuo.

Sasa jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, na Ujiji shughuli ya jirani ni yako, sombe, kisamvu chetu, lazima itwangwe, na binti asiyeshika mchi siku hiyo, siku yake atatwanga peke yake. Nikawaza: nitawaelezaje wanawake wote wale habari za mishipa na redio? Nikaona bandeji ndiyo njia ya mkato. Nikaifunga kuanzia kiganja hadi kiwiko, nikasema nimeteleza bafuni, mkono umeteguka.

Sijawahi kupewa pole kama zile. Nikatandikiwa mkeka, nikapewa sinia la mchele nichambue kwa mkono mmoja, nikaletewa chai. Hakuna aliyeniuliza vipimo vinasemaje. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Jumamosi nikaamka mkono wa kulia umetulia na wa kushoto unawaka. Nikakaa kitandani na bandeji mapajani, nikajadiliana na nafsi yangu: nikiifunga kulia nadanganya, maana kulia hakuumi, ila nikiifunga kushoto angalau bandeji itakuwa mahali penye ukweli, na hata hivyo, nani anakumbuka mkono wa mtu? (Nina shahada. Naomba mlikumbuke hilo.)

Nisichokijua ni kwamba mama mkubwa alishatuma ujumbe Mwandiga kumwita Bi Tausi, mkandaji wa viungo. Nilipofika uani nikamkuta ameketi, chupa yake ya mawese miguuni.

"Nyoosha mkono ulioteguka, mwanangu."

Nikanyoosha wa kushoto. Mama mkubwa akasema, "Ni wa kulia, Bi Tausi," na michi ikanyamaza mmoja mmoja hadi nikasikia nzi. Bi Tausi ni mtu wa kazi, hana maneno. Akafungua bandeji, akaminya wa kushoto, akaminya wa kulia, akasema hapa hakuna kilichoteguka, akafunga chupa yake.

Mama Shabani, jirani yetu anayejulikana kwa mdomo, ndiye aliyerudi kutwanga wa kwanza, na akatwanga kwa wimbo: "Bandeji imepanda boti, imehamia ng'ambo," na wenzake wakaitikia kwa michi, uani kote, hadi bibi harusi akachungulia dirishani.

Mama mkubwa hakucheka. Angecheka ningepona.

"Na lile jina la daktari," akaniuliza taratibu, "nalo mmelitunga wewe na yeye?"

Hapo nikaona nimeuchoma moto ule ukweli wangu mmoja niliokuwa nao. Nikamwambia jina ni la kweli, bandeji ndiyo ya uongo. Halafu ikanitoka: "Mwaka mzima nasema naumwa, mama mkubwa, sijapewa hata mkeka. Jana nimefunga kitambaa, nikaletewa chai."

Akaiokota bandeji, akaizungusha vizuri, akaifutika kwenye kanga. Kisha akanionyesha kinu.

"Daktari alisema vipande. Haya, katwange kipande chako."

Nikatwanga, yeye anahesabu kwa sauti. Kumi na tano, akasema kaa. Nikakaa. Akasema inuka. Mama Shabani akaanza kuuliza huyu sasa anatwanga au anaswali, mama mkubwa akamjibu bila kumtazama, "Huyu anatwanga kwa dozi." Hata hilo walilicheka, lakini cheko hilo lilikuwa jingine.

Mpaka leo Mama Shabani akinikuta njiani ananiuliza, "Leo ng'ambo ipi?" na mimi namjibu kweli: leo nyonga, leo bega, leo hakuna. Maumivu hayajaisha, ila natembea asubuhi, nalala, na sijifichi tena nyuma ya kitambaa wala sitathubutu. Bandeji yenyewe mama mkubwa hakunirudishia. Mchi wetu ulikuwa umepasuka pale pa kushikia, akaufunga nayo, na kila nikitwanga kipande changu inanikwaruza viganja vyote viwili.